Tope linakauka, watoto bado wanaserereka

Mwezi Mei umefika na mvua za Mtendeli zinaaga. Watoto wanajua. Jioni hii wako mlimani wakiserereka kwa mara za mwisho. Huyu kakalia kipande cha mgomba, yule dumu lililopasuliwa ubavu. Huko Ulaya nako, theluji ya milima ya Alps ikikaribia kwisha, watu hukimbilia kuteleza kabla haijayeyuka. Ni mchezo uleule ambao Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, aliiwakilishia Kenya kwenye Olimpiki ya mwaka 2018. Wa kwetu hawalipi kiingilio.

Mzazi, sikuambii umzuie. Mimi nilichapwa kwa gauni lililochanika nyuma, na kesho yake nikarudi mlimani.

Ila siku hizi za mwisho ndizo za kuangalia. Tope likikauka, mawe na visiki lililovifunika huchomoza. Jeraha lililoingia udongo lioshe kwa sabuni na maji safi ya kumimina, usipake majivu. Kisha itafute kadi ya kliniki. Chanjo yenye kinga ya pepopunda hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kama kadi ina mapengo, au jeraha ni la kina, nendeni zahanati siku hiyohiyo, hata kama kidonda kinaonekana kidogo.

Akiangukia kichwa, kisha akatapika, akazimia au akasinzia isivyo kawaida, usimwache alale hadi asubuhi. Mpeleke hospitali usiku huohuo.