Watoto Wanaoishiwa Damu Bila Kutokwa na Damu: Barua ya Wazi kwa Mganga Mkuu, Mbinga

Nakala: Mganga Mkuu wa Mkoa wa Ruvuma, Songea

Ndugu Mganga Mkuu,

Mtoto akijikata panga shambani, kila mtu anaiona damu ikimtoka na wote tunakimbia naye zahanati. Ninayemwombea leo hana jeraha. Viganja vimepauka, macho yana manjano, mkojo umegeuka rangi ya kahawa. Damu yake inaharibikia ndani ya mwili.

Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kisha mwili huzivunja na kutengeneza nyingine. Zikivunjika upesi kuliko zinavyotengenezwa, mtu huishiwa damu. Huku kwetu mshukiwa wa kwanza ni malaria, ambayo vimelea vyake huzaliana ndani ya chembe na kuzipasua. Kipimo chake tunacho, na wahudumu wanakimudu vizuri. Shida ni kwamba kipimo kikisema malaria, maswali yanaishia hapo. Mtoto anatibiwa, anaongezewa damu, anarudi nyumbani. Baadaye analetwa tena hivyo hivyo. Kumwongezea damu bila kutafuta inakopotelea ni kuteka maji kwa pakacha.

Sababu inaweza kuwa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu. Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo Tanzania kila mwaka, na chembe zao huishi siku 10 hadi 20 tu. Baba na mama wanaweza kuwa wazima kabisa, kila mmoja amebeba kinasaba kimoja bila kujua. Pasipo kipimo, ukoo hutafuta mchawi.

Inaweza pia kuwa upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao huwapata zaidi watoto wa kiume. Hawa huonekana wazima mpaka wapate maambukizi au wapewe dawa fulani, kama dapsoni au primakwini, ndipo chembe zao huvunjika kwa wingi. Dawa ya malaria ya Lapdap, iliyokuwa na dapsoni ndani yake, iliondolewa sokoni mwaka 2008 kwa sababu hiyo.

Jambo la tatu wazazi wengi hawajaambiwa kabisa. Sindano ya atesuneti huokoa maisha ya mwenye malaria kali, na asitokee mzazi wa kuikataa. Lakini kwa baadhi ya wagonjwa, wiki moja hadi nne baada ya sindano, wakati vimelea vimeshakwisha, chembe huanza kuvunjika. Mama anaona homa imekwisha, anarudi shambani kuchuma kahawa, kumbe damu ya mtoto inashuka.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila mtoto aliyechomwa atesuneti apewe tarehe za kurudi kupimwa wingi wa damu kila wiki kwa wiki nne, ziandikwe kwenye kadi yake, na mzazi aelezwe dalili za hatari kabla hajaruhusiwa.

Pili, vipimo vya haraka vya selimundu, vinavyotumia tone moja la damu na kutoa majibu kwa dakika chache, vifike zahanati na vitumike siku za kliniki ya chanjo. Atakayegundulika aanzishiwe penisilini ya kila siku hadi atimize miaka mitano, na haidroksiurea ipatikane hapa hapa wilayani, maana dawa inayofuatwa Dar es Salaam si dawa ya mtoto wa mkulima.

Tatu, mtoto aliyewahi kukojoa mkojo mweusi baada ya kumeza dawa, jina la dawa hiyo liandikwe kwenye kadi kwa kalamu nyekundu. Hili halihitaji bajeti.

Tunaomba majibu yako kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya wazazi, ukitaja lipi linaanza lini. Kama lipo lisilowezekana mwaka huu, litaje pia, tujue la kumdai diwani na mbunge wetu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi, Mpepai