Basi kuukuu huuawa na kusimama, si safari

KUNA familia huko Marekani ambazo, zikiwaza mambo ya likizo, haziwazi hoteli. Hununua basi kuukuu la abiria ambalo limekwisha kustaafu barabarani, zikang'oa viti vyote, zikatia vitanda, jiko, choo na bafu, kisha zikafunga safari, baba au mama akiwa ndiye dereva na watoto wakifanya kazi ya utingo. Mchana chombo hicho ni gari, usiku ni nyumba.

Sisi hapa Kenya hatuna desturi hiyo, na sheria yenyewe haituruhusu kuingiza nchini gari lililopitisha umri wa miaka minane. Walakini, mpenzi msomaji, nimeona tuyazungumzie mabasi hayo juma hili kwa sababu yanafundisha jambo ambalo mwenye matatu, mwenye mashine ya kusaga unga na hata mwenye jenereta ya dukani anapaswa kulijua. Jambo lenyewe ni hili: mtambo mzee hauuawi na kazi. Huuawa na kusimama, na kusahauliwa, na kupambwa juu juu huku ndani ukioza.

Mtindo huu haukuanza jana. Mnamo Julai 20, 1963, familia 26 zilizokuwa na magari ya kulala zilikutana Hinckley, katika jimbo la Maine, ili kutazama kupatwa kwa jua. Jua lilipatwa, mwanga ukarudi, na familia hizo zikaanzisha chama cha kusaidiana ambacho kipo hadi leo, Family Motor Coach Association.

Miongoni mwa mabasi yaliyopendwa sana na watu wa namna hiyo ni PD-4104 la kampuni ya General Motors. Lilitengenezwa kati ya 1953 na 1960, na yaliundwa zaidi ya 5,000. Urefu wake ni futi 35, lilibeba abiria 41, na badala ya springi za chuma lilikalia mifuko ya upepo. Greyhound, kampuni mashuhuri ya usafiri, iliyatumia kwa wingi. Yalipozeeka yaliuzwa, na hapo ndipo watu wa kawaida walipoyapata.

Usione vyaelea, vimeundwa. Sisi tumezoea kuona mafundi wetu wakichukua chesisi ya lori na kujenga bodi juu yake. PD-4104 halina chesisi. Bodi yake ya alumini, sakafu na mihimili ya madirisha ndivyo vinavyobeba uzito wote kwa pamoja, kama ganda la yai. Kwa hivyo anayekata ubavu ili atie dirisha kubwa, au anayepandisha paa ili asigonge kichwa, bila kurudisha nguvu aliyoiondoa, huwa amelivunja uti wa mgongo.

Injini yake iko nyuma, imekaa kukingama. Ni Detroit Diesel 6-71, ya ukoo ulioanza kutengenezwa mwaka wa 1938. Silinda ni 6 na kila moja ina ujazo wa inchi 71, jumla karibu lita 7. Injini za ukoo huo huo ndizo zilizosukuma mashua nyingi za kuteremshia askari wa Marekani ufuoni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Injini nyingi za dizeli tunazozijua hupiga mapigo manne ili kupata nguvu mara moja. Hii hupiga mawili tu. Kila pistoni inaposhuka ni kazi, na ubavuni pana mashine ya kuisukumia hewa. Ndiyo maana hulia kwa ukali hata anayesikia akadhani inakwenda mbio maradufu.

Injini hiyo huchagua oili kama mgonjwa wa kisukari anavyochagua chakula. Hutaka oili ya daraja moja, namba 40, isiyoacha majivu mengi. Haitaki ile ya 15W-40 inayotiwa katika malori ya kisasa. Tena ina vijibomba vya kutolea mabaki ya oili, hivyo matone machache chini ya basi si ugonjwa. Fundi asiyeijua huviziba akidhani amelisaidia. Oili ikijaa mahali pa kupitia hewa, huweza kuvutwa ndani ya silinda, na injini ikaanza kuiunguza oili yake yenyewe. Hapo itakimbia kama farasi aliyekata kamba, na ukizima swichi haisikii.

Dawa ya balaa hilo ni kuinyima hewa. Kuna kilango cha dharura kilichowekwa kwa kazi hiyo. Mwenye basi mwerevu hukikagua injini ikiwa imezimwa, aone kama kinajongea au kimeshikwa na kutu, kabla hajakihitaji.

Sasa tuje kwenye kusimama. Basi likiwekwa uani miezi sita, maji ya unyevunyevu hukusanyika katika tangi la dizeli, vijidudu vikamea humo na kuziba chujio. Mipira ya kuzuia uvujaji hukauka. Breki hushika kutu. Betri hufa. Wengi hudhani tiba ni kuliwasha kila Jumamosi na kuliacha lingurume dakika kumi. Kumbe ndiko kulizidishia maradhi! Injini hii haipati joto sawasawa ikinguruma mahali pamoja. Hubaki baridi, dizeli isiyoungua huteremka kuchafua oili, na unyevu haukauki. Afadhali uliendeshe mara moja kwa mwezi, kilomita 30 au 40, hadi lipate moto, gia zote ziguswe na breki zifanye kazi yake. Mzee wa miaka 70 hahitaji kuamshwa tu. Anahitaji kutembezwa.

Nije kwenye jambo linaloua, na ningeomba wazazi wawasomee watoto sehemu hii. Basi linalokalia mifuko ya upepo huonekana limesimama imara, kumbe limeshikiliwa na hewa tu. Bomba likipasuka au mfuko ukitoboka, bodi hushuka mara moja, na aliye chini yake hapati nafasi ya kutoka. Watu wamepoteza maisha kwa njia hiyo. Usiingize hata kichwa chini ya basi kabla ya kuweka stendi za chuma au magogo mazito mahali panapobeba uzito. Jeki si stendi. Jeki ni ya kuinulia, si ya kutegemea uhai.

Breki nazo ni za upepo. Matangi yake ya hewa hukusanya maji, na lazima yafunguliwe mara kwa mara ili maji yatoke, la sivyo kutu huyala kwa ndani. Dereva asiondoke kabla ya kipimo cha upepo kufika panapotakiwa, hata kama watoto wamekwisha kukaa na mama anauliza kunangojwa nini.

Tairi pia zina hila yake. Tairi la basi linalosafiri kidogo halichakai, bali huzeeka. Tazama ubavuni utaona tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2315, basi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2015. Tairi kama hilo laweza kuwa na mikato mizuri kama jipya, ilhali mpira umekwisha kufa. La mbele likipasuka kwenye mteremko, zulia zuri la sebuleni halitakusaidia.

Na zulia ndilo ambalo wengi huanza nalo. Mtu hupata basi, akapaka rangi, akatia makabati ya mbao, sinki la kupendeza na mapazia, akamaliza akiba yote. Ndipo anapogundua kuwa rejeta imeziba na klachi imekwisha. Basi hubaki uani, na mwishowe hutangazwa likiuzwa nusu-tayari kwa bei ya hasara. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa uko nyuma kwenye injini, na mtu anajenga kabati.

Mpango mwema ni kinyume chake. Kwanza breki, usukani na tairi. Pili injini, rejeta, mabomba ya dizeli na nyaya kuukuu. Tatu ndipo nyumba ifuate. Hata nyumba yenyewe ina kanuni zake. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo tangi la lita 400 ni kilo 400, nalo halifai kuwekwa upande mmoja. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni, hivyo mtungi ukae katika sanduku lake lenye tundu la kutokea nje. Betri za taa na friji, hata zikiwa za kisasa na kuchajiwa na sola, zitenganishwe na ile ya kuwashia injini, na kila waya uwe na fyuzi karibu na betri. Kisha wote wanaolala humo waijue njia ya pili ya kutokea, kwa sababu moto haungoji mtu atafute mlango gizani.

Mwisho ni daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wenye mabasi yaliyodumu huandika kila kitu: siku ya kubadilisha oili, kilomita, namba ya chujio, joto la injini ikipanda mlima, tone jipya lililoonekana asubuhi. Mtambo haufi kwa siku moja. Hutuma barua nyingi kwanza, na daftari ndilo sanduku la kuzipokelea.

Wewe mwanafunzi wa chuo cha ufundi, huenda usiwahi kuligusa PD-4104 maishani. Lakini matatu ya mjomba wako inazo breki, tairi na oili, na jenereta ya jirani imesimama stoo tangu mwaka jana ikingoja siku stima zitakapopotea. Nenda leo ukaiulizie daftari lake. Ukijibiwa kwamba halipo, kaa chini na mwenyewe, mfungue ukurasa wa kwanza pamoja.

Hadi Jumapili ijayo, safari njema.