Maua hayangoji mvua

Bwana Mhariri,

Likasi ikitajwa magazetini, habari huwa ni shaba na kobalti. Naomba nafasi ndogo nitaje maua.

Huku kwetu maua hayangoji mvua. Septemba na Oktoba, wakati vumbi bado limetanda na mvua za Novemba hazijafika, mijakaranda humwaga zambarau barabarani. Katika nyua za nyumba za zamani za kampuni ya madini ya Gécamines, mifranjipani nayo huanza kuchanua matawi yakiwa karibu matupu. Miti hii yote miwili asili yake ni Amerika, lakini imetuzoea kuliko wageni wengi tuliowapokea.

Mfranjipani hunukia zaidi usiku. Ua lake halina nekta hata tone. Harufu huwahadaa nondo waje kutafuta wasichokipata, na katika kuhangaika huko ndipo huchavusha. Sisi tunaoketi nje umeme ukikatika ndio tunaofaidi, hasa palipo na yasmini karibu na dirisha.

Kinachonikera ni mtindo wa kusakafia ua mzima kwa saruji, ukuta hadi ukuta, kisha mwenye nyumba akalalamikia joto la Oktoba!

Mfranjipani haununuliwi. Kata tawi, liache kivulini siku kadhaa mpaka jeraha likauke, kisha lipande. Jihadhari tu, utomvu wake usiingie machoni. Wenye nyua, bakizeni walau pembe moja ya udongo, na mvua zikikaribia kaombeni tawi kwa jirani.

Msomaji wenu,
Likasi, Haut-Katanga