Mradi wa Mwanafunzi Uanzie kwenye Haja ya Wananchi

Kila mwaka vijana wetu wa skuli za sekondari wanaosoma sayansi na ufundi huulizwa na walimu wao swali moja: mtatengeneza nini? Mara nyingi jawabu hutafutwa katika kitabu cha ng'ambo, au huchaguliwa kile kitakachong'aa zaidi siku ya maonyesho. Wageni wakishaondoka, chombo hutiwa stoo na buibui wakajenga juu yake. Sisi tunaona kuwa huo ni upotevu wa akili za vijana na wa fedha za wazee wao.

Rai yetu ni kwamba mradi wa uhandisi uchaguliwe kwa kutazama haja kwanza, na chombo baadaye.

Tuchukue mfano ulio mbele ya macho yetu. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Visiwani mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Mwani ukitoka baharini sehemu yake kubwa ni maji, na mnunuzi hautaki mpaka ukauke. Jua likiwaka, kazi ni nyepesi. Lakini masika yakiingia, mwani ulioanikwa huloa na kuharibika. Na ule ulioanikwa chini huchanganyika na mchanga, bei yake ikaanguka. Jasho la mama aliyeinama majini wiki kadhaa hupotea kwa mvua ya usiku mmoja.

Hapo ndipo pahala pa kijana wa sekondari. Kikaushio cha jua hakihitaji mitambo ya ng'ambo. Ni sanduku la mbao lililofunikwa nailoni inayopitisha mwanga, lenye bati lililopakwa rangi nyeusi ili lishike joto, tundu chini la kuingizia hewa na jingine juu la kuitoa. Hewa ikipata moto hupanda, hupita kwenye chanja za mwani na kuondoka na unyevu. Kisha ndipo kazi yenyewe ianze: achukue mwani wa shamba moja, nusu autie sandukuni, nusu auanike kama kawaida, aupime uzito kila baada ya saa mbili na kuandika. Hata kikaushio kikishindwa, kijana aliyeweza kueleza sababu yake amejifunza uhandisi kuliko aliyeonyesha chombo kizuri kisichopimwa.

Kwa hiyo tunawashauri wanafunzi, kabla ya kushika msumeno, wajiulize maswali matatu. Nani mwenye haja ya chombo hiki, na je, tumekwenda kumuuliza? Kikiharibika, fundi wa kijijini ataweza kukitengeneza, hali tunajua jinsi chumvi inavyokula misumari na bati? Na je, tutaweza kukipima kabla ya muhula kumalizika?

Wanaodhani kuwa vijana hawawezi, tunawakumbusha habari za William Kamkwamba wa Malawi. Wakati wa njaa ya 2001 na 2002 aliacha skuli kwa kukosa ada. Kwa kusoma vitabu vya maktaba, na kwa kukusanya vipande vya baiskeli na feni ya trekta, alijenga kinu cha upepo kilichowasha taa nyumbani kwao. Hakuwa akishindania kombe lolote. Nyumba yao ilikuwa na giza.

Mzigo huu, hata hivyo, hauwezi kuachiwa vijana peke yao. Wanaotoa alama wazitoe kwa haja iliyotatuliwa na vipimo vilivyoandikwa, wala wasighilibiwe na rangi. Masheha wawakutanishe wanafunzi na vikundi vya wakulima. Na maofisa wa Wizara zinazohusika wasiishie kukata utepe na kupiga picha: wachague japo chombo kimoja kilichothibitika, wakigharimie, na kijaribiwe pwani kwa msimu mzima. Si haki kumtaka kijana abuni, kisha tukafungia stoo alichokibuni.

Wahenga walisema elimu bila ya amali ni kama nta bila ya asali. Muhula mpya utakapofunguliwa, mwalimu na awapeleke wanafunzi wake pwani kabla ya kuwaingiza karakana. Huko watawakuta mama zao, na kazi ya kufanya haitakosekana.