Pasi si Fadhila

"Unakwenda wapi?" Ndilo swali la dirishani katika mji wetu mdogo ukiomba pasi ya kusafiria. Kwani lazima niwe na pa kwenda? Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 17, inampa raia haki ya kutoka nje ya nchi na kurudi. Haikusema haki hiyo ianze siku atakapoletewa barua ya mwaliko!

Sasa sikilizeni, vijana wenzangu mnaoandika. Waandaaji wa warsha kule Accra wanataka namba ya pasi kwanza. Dirishani wanataka barua ya warsha kwanza. Nianzie wapi, jamani?

Pasi ya kielektroniki ilipoanza mwaka 2018, ada ikiwa shilingi 150,000, fomu ilihamia mtandaoni, kwa kijana wa steshenari. Swali halikuhama.

Ada nitaitafuta, alama za vidole nitatoa. Pasi hudumu miaka 10; mwaliko utaikuta. Ofisi ya nchi yangu ihakikishe mimi ni nani, basi. Ninakwenda wapi, na kufanya nini, wataniuliza wenye nchi yao nikiomba kuingia.