Msikimbilie Kung'oa Mlango wa Mbao

Wasee, wacha nikubali makosa kwanza. Anko aliposema mlango wa gereji ya guka ung'olewe tuweke wa chuma, mimi ndio nilikuwa wa kwanza kusema "sawa kabisa." Nilikuwa nimechoka nao. Kila asubuhi unauinua kwa bega huku unavuta, na ukifika katikati unakwama kwenye changarawe. Mbao za chini zilikuwa zimeoza hadi kuku wa jirani wanapitia hapo kama ni kwao.

Kama umewahi kupita Longonot ukielekea Naivasha, unajua vumbi letu. Ni lile jepesi la volkano, linaingia mpaka kwenye sufuria ya ugali. Upepo unalirundika chini ya mlango, mvua ikinyesha linashika maji, na mbao zinalala kwenye unyevu wiki nzima. Tukasema mlango umezeeka. Uzee gani? Tuliuzika wenyewe.

Welda alitupigia hesabu ya 38,000. Shosho akanyamaza, halafu akaniambia, "Enda uniitie fundi wa mbao."

Huyo mzee alikuja na msumeno, patasi na randa kwenye gunia. Sehemu iliyooza hakuishughulikia kwanza. Aliangalia ule ubao wa kukingama nyuma ya mlango, akauliza, "Nani alipiga hii?" Kumbe ulikuwa kinyume. Unafaa uanzie chini upande wa bawaba, upande hadi kona ya juu ya upande wa pili, ndio uzito usukumwe kwenye bawaba. Wetu ulianzia juu ya bawaba ukashuka, kwa hivyo miaka yote misumari ndiyo ilikuwa inabeba mlango. Guka hayupo kujitetea, na shosho hakujibu.

Basi tukachukua jeki ya gari (ni gereji, hatukukosa) tukauinua hadi ukanyooka. Fundi akakata mbao zote futi moja kutoka chini, akaweka ubao mpya wa saiprasi kwa kulala, gundi na skrubu, akaugeuza ule mkingamo. Akaacha nafasi ya inchi mbili kutoka ardhini, tukaiziba na mpira wa tairi kuukuu. Mimi nikaleta oili chafu ya injini tupake, vile kila mtu hufanya huku. Akakataa. "Ukipaka hiyo, rangi haitashika." Tena ukifikiria, hiyo oili mvua inaiosha inaingia kwenye udongo wa sukuma za shosho. Tukapaka rangi ya msingi, halafu ya mafuta, hadi kwenye ncha za mbao, maana hapo ndipo maji huingilia. Jumla na kazi: 6,400.

Sisemi kila mlango unaokolewa. Chukua bisibisi, dunga mhimili wa upande wa bawaba. Ikizama kama kwenye mkate, ama ukiona njia za mchwa ndani, wacha pesa yako. Lakini wengi wetu hatudungi. Tunaona rangi imebanduka tunaita welda, na chuma chembamba nacho kikikaa kwenye hilo vumbi bichi kinaanza kula kutu kutoka chini vilevile.

Na mbao si kitu cha kutupatupa. Serikali ilipiga marufuku ukataji miti kwenye misitu ya umma Februari 2018, na marufuku yakaondolewa Julai 2023. Hapo katikati waulize mafundi vile walisaka mbao. Mlango wa guka una saiprasi nzito ambayo siku hizi nikiitafuta mtaani naonyeshwa vitu vyembamba, bado vibichi, vinapinda kabla hujafika nyumbani.

Kitu kinanisumbua ni kwamba huyo fundi anafanya kazi peke yake. Nilimuuliza kijana wake wa mkono yuko wapi, akasema vijana wanakuja, wakishikishwa randa siku mbili wanaenda boda. Siwalaumu, boda inalipa jioni. Upande wa kulia wa mlango bado unaning'inia, na ameniambia Jumamosi ni mimi nitaukata, yeye atakaa kwenye ndoo aangalie.