Moyo Mwema Hautoshi

Yako maneno yanayokaririwa sana katika mabaraza ya Mbinga na katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hata Mbamba Bay, ya kwamba watu wa zamani walisaidiana kwa kuwa mioyo yao ilikuwa myeupe, na watu wa leo hawasaidiani kwa kuwa fedha imewaharibu. Ni maneno matamu masikioni, maana humpa mzee fahari na humpa kijana udhuru. Walakini ukweli wake ni haba, na madhara yake ni kwamba hutuzoeza kulalama pale ambapo ingetupasa kutengeneza.

Mtazame Mmatengo wa milima ya Mbinga katika shamba lake la ngolo. Mvua zinapoelekea ukingoni wanaume hufyeka majani, huyaacha yakakauka, kisha huyalaza kwa safu zinazokatana hata ubavu wote wa mlima ukawa miraba miraba. Nao wanawake hufuata kwa majembe, wakachimbua udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafunikia majani yale, pakabaki shimo katikati na tuta pande zote nne, na juu ya matuta hayo hupandwa maharage, na mahindi katika msimu unaofuata. Shimo huyazuia maji yasikimbie, na majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Ndiyo sababu miteremko mikali namna ile imelimwa kwa zaidi ya miaka 100 bila udongo wake kuishia mtoni. Lakini fahamu ya kuwa aliye juu akiyapuuza mashimo yake, maji ya mvua humporomokea aliye chini, hata kama huyu wa chini amelima kwa bidii zote. Mlima wenyewe umewafungamanisha, wapendane wasipendane.

Kwa ajili hiyo wazee hawakuiachia kazi hiyo huruma peke yake. Waliweka ngokela, ambayo kwayo kundi la majirani hulima leo kwa huyu na kesho kwa yule, na mwenye shamba huwaandalia wenzake chakula na pombe. Naye akwepaye zamu za wenzake ajua hakika kwamba zamu yake itakapofika atabaki yeye na jembe lake. Na juu ya ngokela waliweka sengu, baraza la ukoo, ambamo jamaa walikusanyika kwa mzee wao wakala pamoja na kuyazungumza mambo yao. Hapo yatima alipata tonge, wagomvi walisuluhishwa, na mvivu alionywa mbele ya watu anaowaonea haya. Hali ni hiyo hiyo ufukweni, mahali ambapo kokoro huvutwa kwa mikono mingi: aliyeishika kamba akavuta na wenzake hapati taabu ya kuomba kitoweo, na aliyekaa kivulini akija na bakuli lake hutazamwa kwa jicho ambalo hatalisahau upesi. Hao hawakuwa malaika. Walikuwa watu kama sisi, wenye tamaa na ajizi kama zetu, ila walikuwa na taratibu.

Wala sisemi kwamba wema ni kazi ya kanuni tupu na kwamba hulka ya binadamu haina sehemu. Mwaka 2006 wanachuoni wawili wa Leipzig, Ujerumani, Felix Warneken na Michael Tomasello, waliwatazama watoto wa miezi 18 tu, ambao mbele yao mtu mzima aliangusha kitu akawa hakifikii, au alikwama mlangoni mwa kabati kwa kuwa mikono yake imejaa. Na karibu watoto wote, pasipo kuagizwa wala kusifiwa, walimwendea wakamsaidia angalau mara moja. Mbegu, basi, tumezaliwa nayo. Miaka miwili baadaye wanachuoni hao walionyesha jambo la pili lililo zito zaidi, kwamba watoto wa miezi 20 waliokuwa wakitunzwa kwa kila msaada walipunguza kusaidia mara tuzo zilipokoma, ilhali wale wasiopewa kitu waliendelea. Na alitafakari jambo hili kila kiongozi anayedhani kwamba watu hawatoki ila kwa posho.

Tena, moyo mwema waweza kulala usingizi katikati ya halaiki. Mwaka 1968 Wamarekani wawili, John Darley na Bibb Latané, waliwaweka watu kila mmoja katika chumba chake wakizungumza kwa vyombo vya sauti, kisha mmoja wao akasikika kama aliyeshikwa na kifafa. Aliyeamini kuwa yeye peke yake ndiye asikiaye, alitoka kwenda kuita msaada upesi: watu 85 katika kila 100 walifanya hivyo. Walioamini kwamba wako wengine wanne wasikiao, waliotoka upesi walikuwa 31 tu katika 100. Je, hao waliobaki walikuwa makatili? La, hasha, wengi walikuwa wakitetemeka kwa wasiwasi, ila kila mmoja alimngojea mwenziwe. Na sisi je? Mkutano wa kijiji ukiazimia kwamba wananchi wachimbe mfereji, mfereji hauchimbwi. Ukiazimia kwamba kaya kumi hizi zitachimba Jumamosi kutoka mwembeni hata kisimani, na fulani ndiye msimamizi, jua halitatua kabla ya maji kupita.

Yuko atakayenipinga kwa kusema kwamba wazee walituusia tutende wema na kwenda zetu, na ya kwamba hisani yenye kuhesabiwa si hisani. Nami nakubali, kwa hisani ya mwenye nacho kwa asiye nacho: mjane, mgonjwa na msafiri wapewe, wala mkono wa kushoto usijue. Lakini ushirika wa watu walio sawa ni jambo lingine, na asiyetaka kuuhesabu huualika wizi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mkulima wa kahawa apelekaye mzigo wake AMCOS, yaani chama chake cha ushirika, ana haki ya kuiona mizani, kusomewa hesabu na kumwuliza katibu maswali asiitwe mchochezi, maana imani hukua pale insafu inapoonekana kwa macho, na mtu aliyedhulumiwa mara moja hukunja mikono yake hata kwa jambo la heri.

Wala amri haiwezi kushika mahali pa hiari, na mkoa wetu wa Ruvuma una ushahidi wa jambo hili. Mwaka 1960 vijana wa chama cha TANU, Ntimbanjayo Millinga akiwa kiongozi wao, walianzisha kijiji cha ushirika huko Litowa kwa ridhaa yao wenyewe, wakijipangia kazi na kugawana mapato kwa mashauri ya wote. Na mfano wao ulivuta vijiji vingine hata vikafanya umoja mmoja, Ruvuma Development Association. Septemba 1969 umoja huo ulivunjwa kwa uamuzi wa chama, na mwaka 1973 ikatoka amri kwamba kuishi vijijini ni lazima. Watu walihama kwa mamilioni nchini, lakini kuhamisha miili si kuunganisha nia, na mashamba mengi ya pamoja yalibaki magugu.

Basi, ndugu zangu, tuache kuulilia wema wa zamani kama kwamba ulizikwa na wenyewe. Wazazi, mwacheni mtoto abebe ndoo ya bibi yake pasipo kuahidiwa peremende. Wenyeviti, gaweni kazi kwa majina na siku, na ninyi wenyewe muwe wa kwanza kushika jembe. Makatibu, fungueni madaftari kabla hamjaulizwa. Na wewe msomaji, usikiapo kilio cha jirani usiku, usiulize ni nani atakayekwenda. Jihesabu kwamba umesikia wewe peke yako, uondoke uende.